Matembezi ya Boti Mtwara na Lindi: Mwongozo Unaoanzia Saa ya Kurudi

Watu wanaokodi boti kwa ajili ya matembezi ya siku moja, iwe ni kutoka Shangani kwenda Msimbati au kutoka Lindi mjini kuelekea Mchinga, hujadiliana sana juu ya bei, chakula na saa ya kuondoka. Saa ya kurudi huachwa ijipange yenyewe. Kwa uzoefu wangu, karibu kila taabu inayowapata watalii wa ndani katika bahari hii hutokea wakati wa kurudi: maji yamekupwa, upepo umezidi, mafuta yamepungua, watoto wamechoka na jua linazama. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza kinyume na desturi, yaani unapanga kwanza namna ya kufika nyumbani, halafu ndipo unashughulika na mengine. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekodi boti ndogo yenye nahodha wake, na pia kwa mwenye boti yake ya faiba yenye injini ya kuning'iniza nyuma.

Hatua ya kwanza: pata tarehe ya mwezi mwandamo, si ya kalenda tu

Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, karibu na siku ya 8 na ya 23 ya mwezi, tofauti hiyo huwa ndogo sana na mikondo hupoa.

Jambo ambalo wavuvi wanalijua bila karatasi, na ambalo mtalii anapaswa kulijua kwa karatasi, ni kwamba saa za maji hufuata tarehe ya mwezi. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi. Siku nne baadaye, kupwa kumesogea hadi kama saa 7 mchana. Siku hizo za 4 na 5, na vivyo hivyo za 18 na 19, ndizo zinazowadanganya watu kuliko zote, kwa sababu asubuhi unakuta maji tele yamefika mpaka kwenye minazi, unaondoka kwa furaha, kisha unaporudi mchana bahari imekwenda zake.

Hilo lilinipata. Tulikuwa watu saba, tuliotoka Mikindani saa 1:30 asubuhi, siku ya 19 ya mwezi, tukaenda kuogelea nje ya ghuba. Saa 7 mchana, tukiwa tunaingia, injini ilianza kutifua mchanga, nahodha akainyanyua, na boti ikakaa chini taratibu kama kuku anayeatamia. Baada ya robo saa maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Baada ya nusu saa kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni pembeni mwa mkuku. Akapita mama mmoja na wenzake wenye vikapu, waliokuwa wakiokota kombe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mnangoja nini, wanangu?" Nahodha akajibu bila kuinua uso, "Tunangoja bahari, mama." Tuliingoja hadi karibu saa 10 jioni, tukiwa na chupa mbili za maji ya kunywa kwa watu saba na hakuna kivuli chochote. Hakuna aliyeumia, lakini mtoto mdogo kuliko wote alitapika kwa jua, na hilo lingeweza kuepukwa kwa kuuliza swali moja tu asubuhi.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Tuchukulie siku ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.6. Katika saa ya kwanza baada ya kujaa, maji hushuka kama sentimita 30 tu. Saa ya pili sentimita 60. Saa ya tatu sentimita 90. Saa ya nne sentimita 90 tena. Kisha 60 na 30. Nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Mtu anayetazama bahari saa moja baada ya kujaa na kusema kwamba "bado yapo" anasema kweli, ila ukweli huo hautadumu zaidi ya saa moja.

Kwa hiyo andika kwanza saa ya kupwa ya siku hiyo, kisha uliza kina cha mlango wa mahali unapotokea na unapokwenda. Ikiwa mlango ni wa kina kifupi, kama ulivyo kwa sehemu nyingi za ghuba ya Mikindani na fukwe zenye miamba mbele ya Shangani, panga kuwa umerudi angalau saa mbili kabla ya kupwa, au ukubali kurudi saa mbili baada yake. Ongeza sharti moja: boti iwe imefika ufukweni kabla ya saa 11 jioni. Huku kwetu giza huingia haraka baada ya jua kuzama, na boti ndogo nyingi hazina taa.

Hatua ya pili: upepo wa kwenda na upepo wa kurudi

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati, hasa Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na hicho ndicho kipindi ninachokipendekeza kwa watu wenye watoto.

Anayetoka Lindi kwenda Mchinga wakati wa kusi husukumwa na upepo mgongoni, hufika mapema akiwa mkavu, na huamini kwamba safari ni nyepesi. Kurudi ni kupambana na upepo uleule ukiwa umeongezeka, kwa maana alasiri upepo wa baharini huongezea nguvu upepo wa msimu. Safari iliyochukua saa moja asubuhi inaweza kuchukua saa mbili jioni, na mafuta yakatumika kwa kiasi hicho. Wakati wa kaskazi, msafiri anayekwenda kusini kuelekea Sudi hukutana na hali hiyohiyo. Kanuni inayofaa ni kuanza na upande mgumu: pale unapokuwa na uhuru wa kuchagua, nenda dhidi ya upepo asubuhi na urudi ukiwa nao mgongoni.

Angalia pia mahali ambapo upepo na mkondo hukutana uso kwa uso. Maji yanapokupwa kwa kasi kutoka katika ghuba ya Lindi, au kupitia mlango wa bandari ya Mtwara, huku upepo ukivuma kuingia ndani, mawimbi hupanda kuwa mafupi, yenye kusimama wima na kukatika ovyo. Chombo kilichokuwa kinapita hapo kwa raha saa mbili nyuma kinaweza kujaa maji. Njia ya kuepuka ni kusubiri mkondo upoe.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa hali ya bahari, ikiwamo kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Tahadhari zake mara nyingi huzungumzia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika mikoa ya pwani, na mtu akisoma maneno hayo kwa jina la Lindi au Mtwara, matembezi ya boti ndogo yameahirishwa; hakuna mjadala wa ziada. Wapo wanaosema kwamba vimbunga si vya kwetu. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, baada ya wakazi wa Mtwara kutakiwa kujihadhari. Na Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024. Yote hayo ni Aprili na Mei, miezi ambayo mimi sipangi matembezi bila kusoma utabiri jioni iliyotangulia na kuusoma tena alfajiri.

Hatua ya tatu: chombo na mwenye chombo

Leseni ya uvuvi si ruhusa ya kubeba abiria. Chombo cha abiria, hata kikiwa kidogo, hukaguliwa chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na cheti chake hutaja idadi ya watu kinachoruhusiwa kubeba. Omba kukiona. Nahodha mwungwana haoni vibaya. Ukimwambia, "Kaka, naomba nione cheti cha boti kabla hatujapatana," atakuonyesha au atakueleza. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Kisha kagua chombo kwa macho yako, ukitumia muda mrefu zaidi kwenye injini kwa kuwa ndiyo itakayokurudisha. Mwombe aiwashe. Pembeni mwa injini lazima utoke mchirizi wa maji ya kupoozea, mwembamba lakini wenye nguvu. Mchirizi usipotoka, injini itachemka na kuzima mbali na nchi kavu. Bonyeza kile kipira kilichopo kwenye mpira wa mafuta: kikijaa kinapaswa kuwa kigumu na kubaki hivyo. Kikilegea papo hapo, kuna hewa inayoingia mahali fulani. Tazama maungio ya mpira huo, na unuse. Harufu kali ya petroli ndani ya boti ni sababu ya kutosha ya kushuka. Uliza kama zipo plagi za akiba na spana ya kuzifungulia, na pini ya akiba ya panga la injini ikiwa injini ni ya aina inayotumia pini. Ndani ya boti pawe na ndoo ya kutolea maji yanayoingia, makafi mawili au pondo (mti mrefu wa kusukumia boti), nanga yenye kamba ndefu, tochi, filimbi na kioo kidogo cha kuakisi jua. Boti isiyo na makafi kwa sababu "ina injini" inanikumbusha mtu anayetupa viatu kwa sababu ana baiskeli.

Mafuta yagawanywe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiyoguswa. Yajazwe nchi kavu, abiria wakiwa wameshuka na hakuna anayevuta sigara.

Kuhusu kilevi, nahodha asinywe hata kidogo, na katika msimu wa mabibo, uraka, yaani pombe ya mabibo, unapopatikana kila kona, swali hili liulizwe waziwazi. Abiria wanaotaka kunywa wasubiri wafike nyumbani, kwa maana mlevi ndiye husimama ghafla upande mmoja wa boti.

Hatua ya nne: jaketi okozi, mwilini

Majaketi okozi yaliyofungwa kwa kamba chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hayajamwokoa mtu. Chombo kikipinduka hupinduka kwa sekunde chache, na hakuna awezaye kuvaa jaketi ndani ya maji yenye mawimbi huku akimshika mtoto.

Jaketi lipimwe ufukweni. Livae, funga mikanda yote, inua mikono juu, kisha mwenzako alivute kwa nguvu kwenye mabega kuelekea juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa na litakuvuka majini. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito ulioandikwa ndani yake, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kumvika mtoto wa miaka minne jaketi la mtu mzima na kulikaza kwa fundo ni kujidanganya. Kwa bahari ya wazi tafuta lenye alama ya 150 (nguvu ya kuelea kwa newtoni); lenye 100 ni la maji yaliyotulia, na lenye 50 linamfaa mwogeleaji aliye karibu na ufukwe. Na tafadhali yasikaliwe. Sponji iliyokandamizwa na makalio ya watu kwa misimu mitatu haielei tena kama zamani.

Hatua ya tano: mtu wa nchi kavu

Chukua karatasi, andika jina na rangi ya boti, namba yake, idadi ya watu na majina yao, namba ya simu ya nahodha, mahali mnapokwenda, njia mtakayopita na saa ya kurudi. Chini yake andika saa ya pili: ile ambayo, kama hamjapiga simu, msaada uitwe. Mpe ndugu anayeaminika, asiye na tabia ya kuzima simu, na umjulishe pia kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa diko, yaani bandari ya wavuvi, mnapoondokea, kwa kuwa wavuvi wenzake ndio watakaofika kwanza. Namba ya dharura ni 112. Utafutaji majini huratibiwa na kituo cha TASAC kilichopo Dar es Salaam, lakini kituo hicho hakiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyesema kwamba ametoka.

Simu zenu ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, zikiwa na chaji kamili. Mtandao hukatika mahali pengi nje ya ghuba, kwa hiyo wenye boti yao wafikirie redio ya mawasiliano ya baharini (VHF), ambayo chaneli yake ya dharura ni ya 16.

Hatua ya sita: mkiwa njiani

Wasambazeni abiria, wazito katikati na chini, na mtu yeyote asikae kwenye ukingo. Anayeendesha afunge kwenye mkono au mguu wake ile kamba ya kuzimia injini, ili akidondoka injini izime badala ya boti kuzunguka na kumrudia.

Katika mlango wa bandari ya Mtwara zinapita meli kubwa, na kivuko cha Msangamkuu kinakatiza. Meli haiwezi kusimama wala kukata kona kwa ajili yenu. Kaeni pembeni mwa njia yake, na mkilazimika kuikatiza mfanye hivyo kwa pembe mraba, mapema, ikiwa bado iko mbali. Punguzeni mwendo kwenye mikoko, karibu na mitumbwi ya wavuvi, na popote mnapoona maboya au vibuyu vya nyavu. Wazamiaji wa pweza hawana boya, hivyo mtu mmoja akae mbele akitazama.

Upande wa kusini, baada ya Msimbati, msisogelee mdomo wa mto Ruvuma. Kuna viboko na mamba, mafungu ya mchanga huhama, na ng'ambo ni Msumbiji, ambako mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na machafuko tangu 2017. Mitambo ya gesi ya ghuba ya Mnazi nayo si kivutio cha kupigia picha kwa karibu.

Hatua ya saba: kutia nanga na kuheshimu wenyeji wa majini

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na anayeingia hulipia. Nanga itiwe kwenye mchanga, ambao kutoka juu huonekana mweupe au wa samawati hafifu. Weusi wenye mabaka ni matumbawe au majani ya bahari. Kamba iwe angalau mara tano ya kina, mkihesabu na maji yatakayojaa: kina cha mita 3 kitakachoongezeka mita 3 kinahitaji kamba ya mita 30.

Kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi hupita. Kaeni umbali wa mita 100 au zaidi, msikatize mbele yao, na jike mwenye ndama aachwe kabisa. Taka zote, hata maganda ya machungwa, zirudi nanyi.

Hatua ya nane: mambo yakiharibika

Injini ikizima, jambo la kwanza ni kutia nanga, kabla hata ya kufungua kifuniko. Nje ya ghuba mkondo wa bahari kwa kawaida huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na kasi zaidi; nusu saa ya kuhangaika na plagi inaweza kuwapeleka mahali ambapo nanga haifiki chini. Mkishatulia, angalieni mafuta, kisha kipira, kisha plagi.

Mtu akidondoka, mmoja apige kelele na kumnyooshea kidole bila kuondoa macho, kwa kuwa kichwa cha binadamu hupotea upesi kati ya mawimbi. Mwingine amtupie chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa. Nahodha azunguke, amkaribie omo ikielekea upepo unakotoka, na azime injini kabla ya kumfikia.

Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na boti huonekana kutoka mbali kuliko mtu anayeogelea.

Aliyezama na asiyepumua apewe pumzi za mdomo kwanza, kisha abanwe katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Kumning'iniza miguu juu au kumkandamiza tumbo ili "maji yatoke" humpotezea muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Hatua ya tisa: kuondoka huko mlikokwenda

Saa mliyoiandika ikifika, ondokeni, hata kama samaki bado yuko jikoni. Hesabuni watu wakiwa tayari wamevaa majaketi, na mtazame tangi: kama mafuta yamepungua chini ya theluthi mbili, pigeni simu mapema badala ya kubahatisha.

Mkifika, injini isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, majaketi yaanikwe kivulini, na nanga ikunjiwe kamba yake vizuri kwa ajili ya atakayefuata. Lakini kabla ya yote hayo, mkiwa bado mmelowa, mpigieni yule mtu wa nchi kavu mumwambie kwamba mmefika wote.